Taa ya injini na harufu ya petroli: namna ya kutafuta mahali mvuke unapovuja

Mama mmoja wa Kigamboni aliniletea gari lenye kanista mpya (kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli), bado inang'aa. Taa ya injini ilikuwa imewaka kwenye dashibodi, gereji ya kwanza wakachomeka mashine ya kusoma hitilafu, wakasoma namba P0455, wakamwambia kanista imekufa. Akanunua. Wakafuta ile namba, taa ikazima, akalipa akaondoka. Wiki mbili baadaye alijaza tenki kwenda msibani Korogwe, na asubuhi ya tatu akiwa hukohuko taa ikawaka tena. Aliposhuka kwangu hakuwa na salamu ndefu. "Fundi, mimi sinunui tena kitu. Nionyeshe kwanza panapovuja, halafu ndiyo tuongee bei."

Alikuwa sahihi kuliko waliompima. Mashine haisemi kifaa gani kimekufa, inasema kipimo gani kimefeli. Kati ya hayo mawili kuna kazi ya saa moja au mbili ya macho, pua na mikono, na ndiyo kazi ninayoieleza hapa. Sehemu kubwa unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Inayobaki, utajua umwambie nini fundi wako. Kama gari lako ni la dizeli, haya hayakuhusu.

Mfumo wenyewe

Petroli haitulii. Gari likiegeshwa juani, mvuke unajaa ndani ya tenki juu ya mafuta, na zamani ulikuwa unajitokea tu hewani. California ilianza kudai magari mapya yauzuie kuanzia matoleo ya 1970, Marekani nzima ikafuata mwaka mmoja baadaye. Dawa iliyopatikana ni kopo lenye punje za mkaa maalumu, yaani hiyo kanista. Mkaa unanyonya mvuke kama kipande cha mkaa kinavyonyonya harufu ndani ya friji.

Kanista ina njia tatu. Ya kwanza inatoka kwenye tenki. Ya pili inakwenda injini kupitia valvu ndogo ya umeme iliyo karibu na manifoldi ya hewa, yaani bomba linaloingiza hewa kwenye silinda. Nitaiita valvu ya kunyonya. Injini ikishapata moto, kompyuta inaifungua kidogo kidogo ili mvuke ukaungue pamoja na mafuta mengine. Ya tatu inaleta hewa safi kutoka nje, na kwenye gari linalojipima ina valvu yake, valvu ya hewa.

Sasa shika hili moja: valvu ya kunyonya isipopewa umeme imefungwa. Valvu ya hewa isipopewa umeme iko wazi. Ukilisahau hilo utapima siku nzima na kila kitu kitaonekana kibovu.

Kipimo chenyewe ni kama fundi pancha na karai lake la maji. Kompyuta inafunga njia zote, inavuta hewa kutoka ndani ya mfumo, kisha inaangalia kama presha inabaki palepale au inarudi. Inarudi? Kuna tundu. Magari mengi ya Toyota ya soko la Marekani yana hata pampu ndogo ya kazi hiyo, inayoamka saa 5 hivi baada ya injini kuzimwa, wakati mafuta yametulia na kupoa. Ukisikia kitu kinanguruma taratibu nyuma ya gari saa nane za usiku, siyo jini.

Kabla ya yote: gari lako lilitengenezwa kwa soko gani?

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela. Marekani ilitaka kila gari dogo kuanzia toleo la 1996 liwe na uwezo wa kujipima na kuwasha taa. Tundu la milimita 1 lilipaswa kugundulika, na kuanzia matoleo ya miaka ya 2000 kiwango kikashuka hadi nusu milimita, yaani ncha ya sindano ya cherehani. Ulaya waliweka mfumo wao wa kujipima kwa magari ya petroli mwaka 2001, lakini bila kudai kipimo cha uvujaji wa tenki. Na magari mengi yaliyouzwa ndani ya Japani, ambayo ndiyo haya yanayojaa barabarani kwetu, yana kanista na valvu ya kunyonya lakini hayapimi tundu kabisa.

Maana yake ni nini? Kama unaendesha gari lililotoka moja kwa moja soko la Japani, huenda tenki linavuja mvuke kama chungio na taa isiwake hata siku moja. Huko utategemea pua. Namba utakazoziona kwenye gari la namna hiyo mara nyingi ni za umeme tu, kama P0443 au P0444, maana yake waya au koili ya valvu ya kunyonya. Lakini likiwa toleo la Marekani, lile ambalo usukani wake uko kushoto na wenzetu wa Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo wanayaona mengi zaidi kuliko sisi, basi kila tundu litakupigia kelele.

Kujua ni rahisi. Gari la soko la Japani lina namba ya chasisi fupi yenye kistari katikati. La Marekani lina namba ya herufi na tarakimu 17, na ukifungua boneti utakuta stika ya Kiingereza inayoeleza kanuni za moshi, mara nyingi na mchoro wa paipu. Kwenye mengi ya kuanzia 1996 utaona pia pua ndogo kama ya kujazia upepo kwenye tairi, yenye kifuniko cha kijani. Hiyo iliwekwa kwa ajili ya kupimia mfumo huu huu.

Hatua ya kwanza: soma, andika, usifute

Taa ikiwa imetulia bila kumeta, gari linaendesheka. Ikiwa inameta, hiyo ni habari nyingine kabisa, injini inakosa moto kwenye silinda na inaunguza kataliti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Uvujaji wa mvuke hauwezi kuifanya taa imete. Na kama kuna harufu kali ya petroli au tone chini ya gari, usiwashe. Petroli inayodondoka siyo mvuke, ni moto unaosubiri.

Chomeka mashine kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani. Kifaa kidogo cha Bluetooth na programu ya simu kinatosha kwa magari ya Marekani. Magari ya zamani ya soko la Japani yana soketi ileile lakini mengine yanazungumza lugha yao, kifaa hicho hakiyasomi, utahitaji mashine ya fundi.

Andika kila kodi unayoiona. (Fundi akisema "kodi" hazungumzii ya mwenye nyumba wala ya TRA, ni namba ya hitilafu.) Andika pia zile takwimu ambazo mashine inaonyesha za wakati hitilafu ilipoingia: joto la injini, kiasi cha mafuta, mwendo. Ukifuta namba, takwimu hizo nazo zinapotea, na hakuna wa kukurudishia. Fundi anayefuta kwanza halafu ndiyo anakuuliza gari lina shida gani, mpe mkono muagane.

P0455 ni uvujaji mkubwa. P0457 ni uvujaji ulioonekana muda mfupi baada ya kujaza mafuta, kompyuta inashuku kifuniko. P0442 ni mdogo, P0456 ni mdogo sana, P0440 haichagui. Hizo zote zinasema "kuna tundu", hazisemi wapi. P0496 inasema mvuke unapita kwenda injini wakati haujaitwa, na P0441 inasema mvuke haupiti inavyotakiwa; hapo valvu ya kunyonya inashukiwa kwanza. P0497 ni kinyume cha P0496, haupiti wa kutosha. P0446 na P0449 zinaelekeza upande wa valvu ya hewa na waya zake. P0451 hadi P0453 ni sensa ya presha ya tenki.

Hatua ya pili: msikilize dereva

Maswali mawili yananisaidia kuliko mashine.

La kwanza: gari linasumbua kuwaka ukishatoka sheli? Kama linawaka vizuri siku zote, ila ukijaza mafuta tu linakohoa, linazima, mpaka ukanyage mafuta sana, basi valvu ya kunyonya imebaki wazi. Mafuta yanapoingia yanausukuma mvuke kwenye kanista, na kwa kuwa mlango haufungi, injini inavuta mvuke mzito wote kwa mkupuo.

La pili: pampu ya sheli inakata kata wakati wa kujaza, kama tenki limejaa na kumbe halijajaa? Hiyo siyo dalili ya tundu, ni njia iliyoziba. Hewa ya ndani haina pa kutokea. Niliwahi kufungua paipu ya hewa ya gari kama hilo nikakuta nyigu wa udongo wamejenga humo, nyumba nzuri kabisa, kavu, imefunga paipu yote. Siyo kwetu tu. Mwaka 2011 Mazda waliyaita magari ya Mazda6 warudishwe kwa sababu buibui walikuwa wanafuma utando kwenye paipu hiyohiyo, na 2014 wakalazimika kuyaita tena. Buibui hao wanapenda harufu ya petroli.

Uliza pia lini pampu ya mafuta ya ndani ya tenki ilibadilishwa. Jibu likiwa "mwezi jana", umeshapata pa kuanzia, nitakueleza mbele.

Hatua ya tatu: kifuniko na shingo ya tenki

Anza hapa hata kama namba inasema kitu kingine. Fungua kifuniko, angalia mpira wake kwenye mwanga wa jua. Upinde kidogo kwa kidole gumba. Nyufa ndogo kama za kisigino kikavu, sehemu iliyobonyea, mchanga, yote hayo yanavujisha. Futa mpira, futa na mdomo wa bomba unapokaa. Usipake grisi. Rudisha kifuniko, zungusha mpaka kilie "ta-ta-ta".

Kifuniko cha dukani kinachoingia kwenye meno ya bomba siyo lazima kizibe. Nimeona vingi vinavyokaza vizuri mkononi lakini mpira wake haugusi mdomo wa bomba pande zote. Kwa gari linalojipima tafuta cha asili, hata kiwe cha mtumba chenye mpira mzima. Na wale walioibiwa kifuniko wakaweka kitambaa na nailoni: taa itawaka tu, na si hiyo peke yake, akitokea mtu anavuta sigara jirani mtajuta.

Kisha lala chini, au toa tairi la nyuma upande wa mlango wa mafuta, ufungue plastiki ya ndani ya bawa. Fuata bomba kutoka juu mpaka linapoingia tenkini. Kama unaishi pwani, au gari limetumika huko kwenye baridi ambako wanamwaga chumvi barabarani, bomba la chuma huoza pale penye kibano na pale udongo unapoganda. Kwangua udongo kwa bisibisi, taratibu. Rangi inaweza kuonekana nzima na chini yake hakuna chuma.

Hatua ya nne: paipu zote kwa macho na vidole

Injini ikiwa imepoa, fuata paipu kutoka valvu ya kunyonya kurudi nyuma. Pinda kila mpira. Uliochoka unaonyesha nyufa ukiupinda, ukinyooka unazificha. Vuta viunganishi vya plastiki kidogo uone kama vimeshika. Tafuta alama za meno. Panya wanapenda paipu hizi, hasa kwa gari linalolala nje kwa wiki.

Kwa waliobadilisha pampu ya mafuta: inua kiti cha nyuma, fungua kifuniko cha chuma, angalia pale pampu inapokaa juu ya tenki. Kuna oringi kubwa ya mpira. Mafundi wengi wanairudisha ileile ya zamani ikiwa imeshavimba, inakaa upande, halafu wanaikaza kwa nyundo. Haitavuja petroli, kwa sababu iko juu ya mafuta, ila mvuke utapita. Ukinusa hapo ndani, utaijua bila kuambiwa.

Hatua ya tano: valvu ya kunyonya

Hii ndiyo ninayoikuta mbovu mara nyingi zaidi baada ya kifuniko, na kuipima hakuhitaji mashine.

Washa gari likiwa baridi, liache lingurume bila kukanyaga mafuta. Chomoa paipu inayotoka kanista kuja kwenye valvu, weka kidole kwenye tundu la valvu. Injini baridi haipaswi kunyonya chochote hapo. Ukisikia kidole kinavutwa, chomoa na soketi ya umeme ya valvu. Kama bado kinavutwa bila umeme, valvu haifungi. Imekwisha, badilisha. Kama kuvuta kumekoma, valvu ni nzima na kuna kitu kinaipa umeme isipostahili.

Ukishaizima injini, itoe valvu nje ya gari. Puliza kwa mdomo upande mmoja: hewa isipite. Iguse na betri ya volti 12: itapiga "tak" na hewa itapita. Fanya hivyo mezani, mbali na gari, kwa sababu waya ukigusa betri unatoa cheche. Ukiwa na mita, pima koili. Nyingi husoma ohm kumi na kitu hadi thelathini na kitu. Mita isiposoma kitu, koili imekatika.

Kisha igonge valvu juu ya karatasi nyeupe. Zikitoka punje ndogo nyeusi, simama hapohapo. Hizo ni punje za mkaa, kanista imepasuka ndani na inajimwaga kwenye paipu. Hapo ndipo kanista inabadilishwa kweli, na paipu zote zipulizwe zisafike kabla ya kufunga valvu mpya, la sivyo itakwama wiki ileile.

Kinachopasua kanista au kuizamisha mara nyingi ni sisi wenyewe pale sheli. Pampu imekata, unamwambia kijana "ongeza ifike elfu hamsini kamili". Petroli inayozidi inapanda hadi kwenye kanista, na mkaa ulioloweka petroli haunyonyi tena. Pampu ikikata mara ya kwanza, mlipe.

Hatua ya sita: valvu ya hewa

Iko nyuma, karibu na kanista, pengine juu ya ekseli ambako vumbi na maji vinapiga. Kumbuka hii iko wazi bila umeme. Puliza: hewa ipite. Ipe volti 12: ifunge kabisa. Ikipitisha hewa hata ikiwa na umeme, kompyuta itaona "uvujaji mkubwa" wakati hakuna tundu lolote, ni mlango haufungi. Mara nyingi ni vumbi tu limekaa kwenye kiti cha valvu. Isafishe, ijaribu tena, angalia na kichujio chake kidogo kama kipo. Soketi yake nayo ifungue, utakuta pini zina ukijani wa kutu.

Hatua ya saba: moshi

Ukifika hapa hujapata kitu, mashine ya moshi ndiyo hakimu. Inachemsha mafuta mepesi ya oili (siyo petroli), inatoa moshi mzito mweupe, unausukuma ndani ya mfumo, na unapotokea ndipo panapovuja.

Gereji inayojua kazi inasukuma moshi kwa nitrojeni au gesi nyingine isiyowaka wala isiyo na oksijeni, siyo kwa hewa ya kompresa. Ndani ya tenki kuna mvuke wa petroli; ukiuongezea hewa umetengeneza kitu kinachongoja cheche. Nitrojeni ipo kwa wauza tairi wengi mjini, siyo bidhaa ya ajabu. Na presha iwe ndogo mno, nusu psi tu, wakati tairi lako lina psi 30. Kompresa ya gereji inatoa zaidi ya psi 100. Ukiiunganisha bila kuidhibiti, unapasua kanista na viungo vilivyokuwa vizima, halafu utatafuta matundu uliyoyatoboa mwenyewe.

Njia yangu ya kuzuia presha isizidi ni ya ndoo. Kwenye paipu ya moshi weka kiungo cha njia tatu. Paipu ya pembeni, iliyo pana kuliko ya moshi, izamishe kwenye ndoo ya lita 20 yenye maji, mdomo wake uwe sentimita 30 chini ya uso wa maji. Presha ikizidi uzito wa maji hayo inatoka kwa mapovu, haiwezi kupanda tena. Sentimita 30 za maji ni pungufu kidogo ya nusu psi, sawasawa na tunachotaka. Mapovu yanakuambia pia kitu kingine: kama ndoo inachemka vizuri, mfumo hauvuji, kama ndoo imetulia kimya na moshi unaendelea kuingia, kuna mahali unatoka.

Fanyia nje, injini baridi, mtungi wa kuzimia moto karibu, na kama jirani yako ni fundi bodi anachomelea, mwombe apumzike nusu saa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini hadi kwa mwenye cheche.

Ingiza moshi kwenye ile pua ya kifuniko cha kijani, au chomoa paipu kwenye valvu ya kunyonya na uingizie upande unaokwenda kanista. Valvu ya hewa lazima ifungwe: iamrishe kwa mashine ya kusoma kodi, au ziba paipu yake ya nje kwa kizibo. Acha kifuniko cha tenki wazi kwanza mpaka uone moshi unatoka shingoni, hapo unajua mfumo wote umejaa. Kisha funga, chukua tochi kali, tembea polepole kuanzia mbele. Tundu la nusu milimita halitoi wingu, linatoa uzi mwembamba kama wa ubani, nao unapotezwa na upepo mdogo tu. Upe dakika kumi kabla ya kusema hakuna.

Huna mashine ya moshi? Kwa nitrojeni na ndoo ileile, maji ya sabuni ya kufulia kwa brashi kwenye kila kiungo yatakuonyesha povu. Ni ya taratibu na hayafiki juu ya tenki, ila yanafanya kazi.

Sensa ya presha

Hii naipitia haraka kwa sababu si mara nyingi inakuwa yenyewe. Fungua kifuniko cha tenki, ufunguo ON bila kuwasha injini, soma presha ya tenki kwenye mashine. Inapaswa kuwa sifuri, au kwa gari linalosoma presha kamili iwe karibu na ya hewa ya mahali ulipo: kama kilopaskali 101 hapa Dar, kama 83 ukiwa Nairobi. Ikikaa namba moja bila kutikisika hata ukifunga na kufungua mfumo, angalia soketi na waya kwanza, kisha sensa.

Kuhakikisha kazi imeshika

Mama wa Kigamboni: moshi ulitokea nyuma ya plastiki ya bawa, chini ya kibano cha bomba la kujazia mafuta. Udongo ulikuwa umeganda hapo miaka, chumvi ya bahari ikamaliza. Nilipokwangua, bisibisi ikazama. Tundu la ukubwa wa punje ya mtama, na pembeni yake mengine mawili madogo. Nilimwita achungulie mwenyewe. Akatazama moshi unavyotoka, akasema tu, "Kumbe."

Lakini kwa nini taa ilizima wiki mbili nzima? Kwa sababu yeye, kama wengi wetu, anaweka mafuta ya elfu kumi, ya elfu kumi na tano, mshale hautoki kwenye nyekundu. Magari mengi hayafanyi kipimo hiki mpaka tenki liwe kati ya asilimia 15 hivi na 85, na injini iwe imelala ikapoa kabisa. Gari lake halikupona, halikupimwa. Siku alipojaza tenki kwenda Korogwe, akafika nusu imebaki, gari likalala kwenye ubaridi wa usiku, ndipo kompyuta ikapata nafasi. Na nyingi zinataka kosa lionekane safari mbili mfululizo kabla ya kuwasha taa, ndiyo maana ikawa asubuhi ya tatu.

Kwa hiyo ukishatengeneza: futa namba, weka nusu tenki, acha gari lilale usiku mzima mahali penye kivuli, asubuhi liwashe na uendeshe kawaida, mjini kidogo na barabara kuu kidogo. Rudia siku kadhaa bila kushusha mafuta chini ya robo. Kisha chomeka mashine, angalia sehemu ya vipimo vilivyokamilika. Kipimo cha mvuke kikisoma "tayari" na hakuna namba mpya, umemaliza. Usipoifuta kwa mashine, taa itazima yenyewe baada ya safari tatu zilizofaulu kipimo, na hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa kwa mtu wa elfu kumi kumi.

Ndugu zetu walioko Marekani kwenye maeneo yanayokagua moshi wasichomoe betri asubuhi ya ukaguzi wakidhani wamefuta ushahidi. Vipimo vyote vinarudi "bado", na kwa matoleo ya kuanzia 2010 kuna kumbukumbu ya kudumu ambayo mashine haiifuti, inaondoka tu gari likijipima na kufaulu.

Bomba la mtumba, zima, tulilipata mtaa wa Gerezani hapa Dar siku ileile. Mama alipokuja kuchukua gari aliniuliza kama anaweza kurudishiwa ile kanista yake ya kwanza, aiuze. Nikamwambia aiulizie kule walikoitoa. Alikwenda, wakamwambia ilishatupwa.